Kopo la sarafu za Kijerumani kutoka Tanga: hali ilivyopimwa, na mnada ulivyojibu

Usuli

Familia moja ya Ngamiani, Tanga, ilirithi kopo la biskuti lenye sarafu 71 baada ya mzee wao kufariki. Baba wa mzee huyo alikuwa mfanyakazi wa reli ya Usambara, ile iliyoanzia Tanga na kufika Moshi kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na inaaminika sarafu nyingi zilitokana na mishahara yake. Majina ya watu na ya nyumba ya mnada yameondolewa. Idadi na uzito vimeachwa kama vilivyoandikwa siku ya kupima, maana bila hivyo kisa hakina la kufundisha.

Warithi walikuwa watano, lakini wenye kauli walikuwa wawili: shangazi mkubwa, aliyelitunza kopo chini ya kitanda kwa miaka mingi, na mtoto wa kaka yake, kijana anayeshughulika na simu na barua pepe. Walitaka kuuza, kugawana bila ugomvi, na kubakiza chache za kumbukumbu. Hawakuwa na njia ya kujua kila sarafu ina hali gani. Na kwenye biashara hii hali ndiyo bei. Rupia mbili za mwaka mmoja, zilizotoka kiwanda kimoja, huweza kupishana bei mara kumi, na asiyezoea akaziona ni pacha.

Kilichokuwamo

Sehemu kubwa ilikuwa ya Afrika Mashariki ya Kijerumani, na sarafu hizo zina vipindi vitatu ambavyo mtathmini huvitenganisha kabla hajashika lenzi. Cha kwanza ni cha Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki: pesa za shaba za 1890 hadi 1892, zenye tai upande mmoja, na upande wa pili maandishi ya Kiarabu pamoja na mwaka wa Hijria, 1307, 1308 au 1309. Hapo pia zimo rupia za fedha za kuanzia 1890 hadi 1902, Kaisari Wilhelm II akiwa na helmeti yenye tai, na nyuma yake ngao yenye simba na mti wa jamii ya minazi. Cha pili kinaanza 1904, serikali ya kikoloni ilipoigawa rupia katika heller 100 badala ya pesa 64; hapo ndipo zinaonekana herufi za kiwanda, A ya Berlin na J ya Hamburg. Cha tatu ni cha vita: sarafu zilizopigwa Tabora mwaka 1916 zikiwa na herufi T, baada ya meli kushindwa kuleta fedha kutoka Ujerumani, na kabla Wabelgiji hawajauchukua mji huo Septemba mwaka huohuo.

Kwenye kopo kulikuwa na rupia moja moja 14, rupia mbili ya 1893 (sarafu moja yenye thamani ya rupia mbili), nusu na robo rupia 6, heller ndogo 22, sarafu 3 kubwa za shaba za heller 5, sarafu 7 za heller 10 zenye tundu katikati, sarafu 6 za heller 20 za Tabora, na pesa za kampuni 5. Zilizobaki zilikuwa pesa 2 za Sultani Barghash wa Zanzibar zenye picha ya mizani, za mwaka 1299 wa Hijria (1882), thala moja (sarafu kubwa ya fedha ya Austria) ya Maria Theresa, sarafu moja ya njano iliyoaminika nyumbani kuwa ya dhahabu ya Tabora, na vipande 3 vidogo vya shaba vyenye Kiarabu bila mwaka. Vipande hivyo hakuna aliyejua vilipookotwa.

Ofa ya kwanza, na ndimu

Mnunuzi wa vitu vya kale alifika nyumbani, akamimina kopo juu ya mkeka, akapekua kwa kidole kama dakika tano na kutaja bei moja kwa zote. Shangazi alikataa, kwa sababu nzuri kabisa: mtu anayenunua kopo zima bila kuhesabu amekwishaiona ile moja anayoitaka. Ofa haikurudi, na haikuhitajika.

Alipoondoka alitupa neno kwamba sarafu zikiwa safi zinapiga picha vizuri. Kijana akachukua majivu na ndimu, njia ileile ya kusugulia sinia za shaba, akasugua rupia sita na nusu rupia mbili hadi zikawa nyeupe. Kisha akapiga picha za sarafu kumi na mbili, akizishika kwa vidole viwili juu na chini, akazituma kwa nyumba ya mnada Ujerumani.

Jibu lilikuja fupi na la adabu. Rupia mbili iliwavutia na walitoa makadirio ya awali. Kwa zilizobaki waliomba uzito kwa gramu hadi desimali mbili, kipenyo kwa milimita, picha za ubavu, na kwamba chochote kisisafishwe tena. Hapo familia ikamtafuta mtathmini, mkusanyaji mzoefu asiyenunua wala kuuza kwenye kisa hiki, aliyelipwa ada ya siku moja. Ada isiyotegemea bei ilikuwa uamuzi wa busara. Mtathmini anayekula asilimia ana sababu ya kupandisha, na mtathmini anayenunua ana sababu ya kushusha.

Kutenga kwanza

Kabla ya kupima chochote, mtathmini alitoa vipande vitatu vya shaba na kuviweka pembeni. Vilikuwa vyepesi, si duara kamili, na maandishi ya pande mbili yaliyofanana na ya sarafu za masultani wa Kilwa, ambazo kwa kawaida hubeba jina la mtawala upande mmoja na maneno ya kumtegemea Mungu upande wa pili, mistari miwili ikiishia kwa vina. Sarafu za aina hii hazina mwaka, ila ni za karne nyingi kabla ya Wajerumani.

Kwa Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, kitu kilichotengenezwa na binadamu kabla ya 1863 ni urithi unaolindwa, na kukitoa nje ya nchi bila kibali ni kosa. Upande wa pili nao umebana: tangu 28 Juni 2025 nchi za Umoja wa Ulaya hudai leseni ya kuingizia vitu vya kiakiolojia vyenye umri wa zaidi ya miaka 250. Kwa hiyo hata mtu asiyejali sheria ya nyumbani angekwama forodhani huko. Vipande vitatu viliandikwa, vikapigwa picha na kuripotiwa Idara ya Mambo ya Kale. Orodha ya sarafu zilizobaki, pamoja na picha, iliwasilishwa hapohapo, na familia haikutuma kitu posta mpaka ilipopata jibu la maandishi.

Thala nayo ilitengwa. Thala zote za aina hii zimeandikwa 1780, mwaka aliokufa Maria Theresa, ingawa ziliendelea kupigwa kwa zaidi ya karne moja baadaye kwa ajili ya biashara ya Bahari ya Shamu na pwani yetu. Mwaka ulioandikwa hauthibitishi kitu, na kubishana na ofisa wa forodha kuhusu hilo hakuna faida kwa sarafu ambayo soko lake limejaa. Ilibaki kwa shangazi.

Meza ya sonara

Kupima kulifanyika dukani kwa sonara wa mjini, kwa sababu mizani ya jikoni haifai: inasoma gramu nzima, na hapa tofauti ya gramu 0.3 ina maana. Vifaa vilikuwa vinne tu: mizani ya sonara inayosoma gramu 0.01, kalipa ya kupimia kipenyo, lenzi ya mara 10, na taa ya mezani inayoweza kuinamishwa.

Walianza na ile ya njano. Rupia 15 halisi ya Tabora, yenye tembo mbele ya mlima, ina gramu 7.168 za dhahabu ya 750 kwa elfu, iliyotoka machimbo ya Sekenke. Ya kwenye kopo ilisoma 4.10. Sonara akaweka glasi ya maji juu ya mizani, akairudisha kwenye sifuri, kisha akaifunga sarafu kwa uzi na kuizamisha bila kugusa chini. Mizani ikasoma 0.48, yaani ujazo wake ni sentimita za ujazo 0.48. Gawanya 4.10 kwa 0.48 unapata 8.5. Hiyo ni shaba ya njano. Dhahabu ya kiwango kile ingetoa karibu 15.

"Mama, hii si dhahabu," sonara alimwambia shangazi.

"Marehemu alisema ya Tabora. Na T si hiyo hapo?"

"T ipo, mama. Ila mizani haisomi herufi."

Ikawekwa kando kama nakala. Nakala za sarafu hii ni nyingi, na nyingine zimepakwa dhahabu kwelikweli juu, ndiyo maana kuikuna kwa jiwe la sonara peke yake hakutoshi. Jiwe hugusa ngozi, maji hugusa mwili wote.

Rupia zikafuata. Rupia moja ya Kijerumani ilikwenda na kipimo cha rupia ya India: gramu 11.66, fedha ya 917 kwa elfu, kipenyo kama milimita 30. Kumi na tatu zilisoma kati ya 11.31 na 11.63, na zilizolika zaidi ndizo zilizokuwa nyepesi zaidi, kama inavyopaswa. Ya kumi na nne, ya mwaka 1894, ilionekana bora kuliko zote kwa macho, manyoya ya simba yanahesabika, lakini ilisoma 9.82. Sarafu haiwezi kupoteza gramu 1.8 bila kupoteza picha. Ubavuni, chini ya lenzi, palionekana mstari mwembamba wa kuungia ukizunguka pande zote, na kwenye uwanda, yaani sehemu bapa isiyo na picha, vishimo vidogo vya mviringo vinavyoachwa na hewa chuma kinapomiminwa. Sarafu halisi ilipigwa, haikumiminwa. Nayo ikaondoka mezani.

Uzito na kulika lazima vikubaliane. Visipokubaliana, hakuna haja ya kuendelea kujadili daraja.

Kupanga daraja

Mtathmini alitumia ngazi ya Sheldon, ambayo ilianza mwaka 1949 kwa senti kubwa za Marekani na sasa inatumika kwa karibu sarafu zote za mashine: 60 hadi 70 kwa ambayo haijawahi kutumika, 50 hadi 58 kwa iliyogusika kidogo (AU), 40 na 45 kwa iliyolika kidogo (XF), 20 hadi 35 kwa iliyolika kiasi (VF), 12 na 15 kwa iliyolika wazi (F), na chini ya hapo zilizolika sana (VG na G). Katalogi za Kijerumani huandika vz, ss na s bila namba, na zinalingana takriban na XF, VF na F. Orodha iliyotumwa Ujerumani iliandikwa kwa ngazi zote mbili.

Ila namba huja mwisho. Kabla yake kila sarafu iliandikiwa mambo matatu kwenye safu tatu: kulika, ngozi (hali ya uso wake) na pigo (jinsi chapa ilivyoingia kiwandani). Walioanza juzi huyachanganya, na hapo ndipo fedha hupotea.

Kulika huanzia juu. Kwenye rupia ya kampuni ni mbawa za tai wa kwenye helmeti, masharubu ya Kaisari na pambo la kifuani. Nyuma ni manyoya ya simba na kiini cha majani ya mti. Sarafu huinamishwa polepole chini ya taa moja inayotoka upande, wala si taa ya dari. Sehemu iliyolika huwaka kwa weupe bapa, na rangi yake hutofautiana na uwanda ulio chini. Rupia nane ambazo hazikusuguliwa zilitoka hivi: mbili XF 40, nne VF, moja F, na ya nane ni ile nakala ya 1894.

Ngozi ni habari nyingine. Fedha iliyokaa miaka mia inavaa rangi ya kijivu, wakati mwingine yenye bluu na hudhurungi kuelekea ukingoni, na rangi hiyo ni salfa ya hewani iliyoungana na fedha kidogokidogo. Mnunuzi mzoefu anaitaka, kwa kuwa inamwonyesha kwamba hakuna aliyeisugua. Rupia moja ya XF ilikuwa na mstari mweusi uliokatiza shavu la Kaisari: mpira wa kufungia uliokuwa umebana kifungu cha sarafu kwa miaka. Mpira una salfa nyingi. Mstari ule uliandikwa kama kasoro, bila kuguswa.

Nane zilizosuguliwa zilikuwa zimeng'aa, na chini ya lenzi uwanda wake ulikuwa umejaa mikwaruzo myembamba inayokwenda mzunguko mmoja, kama nyayo za kidole kilichosugua. Mng'ao wa kuzaliwa, ambao hutembea kama mwale unaozunguka ukiinamisha sarafu, haukuwapo. Majivu yana chembe ngumu. Kusugua kuliondoa ile rangi ya kijivu na chembe zikachora chuma kilichobaki wazi. Kwa kulika peke yake nyingi zingekuwa VF. Makampuni makubwa ya kupima kama NGC na PCGS huifunga sarafu ya namna hii kwenye kasha ikiwa na daraja kwa maneno, bila namba, pamoja na sababu iliyoandikwa. Mtathmini alifanya vivyo hivyo: "kulika VF, imesuguliwa."

Heller za shaba zilihitaji kazi tofauti. Tanga ni pwani, na chumvi ya hewani ikiingia kwenye shaba huanzisha kutu hai: unga wa kijani kibichi, mwepesi, unaochimba chini. Kutu tulivu ni ngumu, haichubuki ukiipitishia njiti ya meno, na rangi yake ni ya kijani iliyokolea au kahawia. Pale zilipotia shaka, sarafu ziliwekwa kwenye chombo kilichofunikwa pamoja na pamba yenye unyevu, bila kugusana nayo, kwa siku mbili. Nne kati ya 22 zilitoa unga mpya. Hizo zilitengwa na kuhifadhiwa kwenye chombo kikavu chenye vipakiti vya silika, kwa kuwa unyevu ukishuka kutu hiyo hulala. Siki haikuguswa, inaondoa kijani na ngozi yote pamoja nacho.

Heller 20 za Tabora

Hapa ndipo safu ya tatu, pigo, ilipokuwa na kazi, na ndipo haikujazwa vizuri.

Heller 20 za 1916 zilipigwa kwa haraka kwenye karakana ya reli karibu na Tabora, kwa shaba ya njano na kwa shaba nyekundu, kwa chapa zilizochongwa palepale na vipande vya chuma visivyolingana unene. Nyingi zilitoka kiwandani zikiwa na taji hafifu au herufi nusu. Ubapa wa pigo hafifu una dalili zake: unatokea mahali pamoja pande zote mbili, kwa sababu chuma hakikujaa chapa zote mbili mahali hapo, chembechembe za asili za kipande bado zipo ndani ya ubapa, na herufi zilizo kando yake zimebaki kali. Ubapa wa kulika ni laini, unang'aa, na hupita juu ya kila kilichoinuka bila kuchagua.

Mtathmini alikuwa amefika kwenye sita hizi jioni, duka linataka kufungwa. Aliziandikia VG hadi F kwa kuangalia taji tu. Wala hakuandika aina. Sarafu hizi hutofautishwa kwa taji kubwa au dogo na kwa ncha za L mbili za neno HELLER, zilizochongoka au zilizojikunja, na baadhi ya michanganyiko ni adimu kuliko mingine, hasa kwenye shaba nyekundu. Kati ya sita, moja ilikuwa nyekundu.

Rupia mbili ya 1893

Hii ndiyo iliyokuwa imebeba matumaini. Sarafu za rupia mbili zilipigwa 1893 na 1894 tu. Ilisoma gramu 23.21 dhidi ya 23.32 za kawaida, milimita 35, kulika VF 30, na kijana kwa bahati hakuwa ameisugua kwa sababu aliiona nzuri tayari.

Mtathmini akapitisha ukucha ubavuni. Juu kabisa, mahali palipokuwa saa sita, mifereji ya ubavu ilikatika kwa milimita 4. Chini ya lenzi palikuwa na weupe uliofifia, tofauti na fedha inayoizunguka, na alama za tupa zinazokwenda upande mmoja. Nyuma, tone dogo la lehemu lilikuwa limemwagikia ukingo. Sarafu iliwahi kuwa kidani, kipete chake cha kuning'inizia kikaondolewa na mahali pale pakasawazishwa. Pwani hii rupia na thala zilivaliwa shingoni na kwenye paji la uso kwa vizazi, kwa hiyo si jambo la kushangaza. Kwenye picha ya kijana kidole chake cha juu kilikuwa kimefunika palepale.

"Shangazi, pichani haionekani," kijana alisema.

"Na akiishika mkononi?"

Kijana hakuwa na jibu, na uamuzi ulikuwa umeshapatikana. Ulikuwa na hesabu nyuma yake. Nyumba za minada hukagua ubavu wa kila sarafu yenye thamani kabla ya kuandika katalogi. Zikikosa kuiona kasoro, mnunuzi ana haki ya kurudisha kwa kuwa haikutajwa. Muuzaji hubaki na gharama za posta, na sarafu hubaki na historia ya kurudishwa ambayo wanunuzi wa mtandaoni huikumbuka. Picha ya ubavu ilitumwa pamoja na maelezo: "alama ya kidani saa sita, imetengenezwa."

Mnadani

Nyumba ya mnada ilipanga mafungu sita. Rupia mbili ikawa fungu peke yake, rupia mbili za XF mafungu mawili, rupia za VF na F pamoja fungu moja, zilizosuguliwa fungu moja, na heller 20 fungu moja. Pesa na heller ndogo zilirudishwa mapema: kamisheni ya muuzaji, ambayo kwa minada mingi huwa kati ya asilimia 10 na 20, pamoja na posta, ingekula karibu yote.

Madaraja hayakubaki yalivyokuwa. XF moja ilishushwa hadi VF, ile yenye mstari wa mpira ikabaki XF lakini mstari ukatajwa. Ushushaji huo ni wa kawaida. Katalogi inayojali jina lake huandika chini kidogo kuliko juu.

Rupia mbili iliuzwa kwa zaidi kidogo ya nusu ya makadirio ya awali, na haikurudishwa. Fungu la zilizosuguliwa lilikwenda karibu na thamani ya chuma. Rupia moja ina gramu 10.69 za fedha safi, na hiyo ndiyo bei ambayo ndimu iliwaachia. Rupia za XF zilipita makadirio.

Fungu la heller 20 lilianza kwa bei ya chini kuliko yote, na likapanda hadi mara sita ya bei hiyo. Wanunuzi wawili walibishana hadi mwisho, na katika hatua za mwisho nyongeza zilikuwa kubwa kuliko thamani ya sarafu tano za kawaida zikiwekwa pamoja.

Uchambuzi

Kilichookoa fedha nyingi zaidi ni mizani. Nakala mbili zilikamatwa kwa dakika chache na bila ubishi, na moja kati yake, ile ya 1894, ingekwenda Ujerumani kama sarafu bora ya kopo na kuharibu imani juu ya nyingine zote. Mnada ukipokea nakala moja kwenye orodha, hukagua zilizobaki kwa shaka, na shaka hushusha daraja.

Kutenga vipande vya Kilwa mapema kulikuwa sahihi kwa sheria na kwa biashara. Tatizo lake lilianza zamani: havina mahali vilipotoka. Sarafu ya Kilwa yenye eneo lililoandikwa ni ushahidi wa safari za biashara. Ya kopo, bila eneo, inabaki shaba yenye maandishi. Kwa familia zenye vitu kama hivi, kumuuliza mzee aliye hai na kuandika jina la shamba au fukwe kunapita usafishaji wowote.

Kutangaza alama ya kidani kuliigharimu familia karibu nusu ya matumaini yao, lakini ile nusu haikuwa yao kamwe. Makadirio ya awali yalitokana na picha yenye kidole. Kosa lilikuwa la picha, na kinga yake ni rahisi: sarafu isimamishwe kwenye kipande cha udongo laini au karatasi iliyokunjwa, bila mkono, na ubavu upigwe mara nne kwa robo mzunguko. Kwa rupia na thala za pwani ubavu ungepaswa kuwa picha ya kwanza.

Kusugua ndiko kosa kubwa, ingawa kulifanyika kabla ya mtaalamu kuitwa, na hakuna tiba. Watu huuliza kama rangi ya zamani inaweza kurudishwa. Inaweza kubandikwa kwa salfa, na mkaguzi huiona kwa dakika moja, kwa sababu mikwaruzo huonekana chini ya rangi badala ya juu yake. Ilivyo ni bora kuliko kusuguliwa na kupakwa rangi.

Heller 20 ni kosa la kitaalamu. Kuchoka kwa jicho jioni ni sababu, ila sababu halisi ni kwamba fomu haikulazimisha safu ya pigo kujazwa kabla ya namba. Sarafu za Tabora zikipimwa kwa macho ya rupia ya Berlin zote zitaonekana mbovu. Wapo watakaosema wanunuzi wawili walisahihisha kosa lenyewe, na kwa fungu hili ni kweli. Lakini bei hutegemea kuwapo kwa mtu wa pili anayejua. Angekuwa mmoja, sarafu nyekundu ingeondoka kwa bei ya kuanzia. Ilipaswa kutolewa kwenye fungu, ipigwe picha peke yake, taji na L zote mbili zikionekana, na aina iandikwe.

Jambo la mwisho ni la hifadhi. Zilizorudishwa zilifika Tanga kwenye vifuko vya karatasi, na kijana akazihamishia kwenye albamu ya picha yenye mifuko ya plastiki laini. Plastiki hiyo hutoa ute wa kijani unaonata ndani ya miezi michache ya joto letu. Iliwahiwa mapema, ute uliondolewa kwa asitoni safi, si dawa ya kuondolea rangi ya kucha yenye mafuta na manukato, na sarafu zikaachwa zikauke bila kufutwa. Sasa ziko kwenye vifuko vya karatasi isiyo na tindikali, ndani ya chombo cha kufunga chenye silika, na zile heller nne za kijani ziko kwenye chombo chao peke yao.